Kurudisha Bodi ya Land Rover 109 Pikapu: Funga Yote kwa Ulegevu, Mlango Ndio Kipimo

Land Rover 109 ya Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ni gari la bolti na nati. Fundi mwenye spana chache anaweza kuvua bodi yote kwa siku moja. Kazi iko kwenye kuirudisha. Mlango unagoma kufunga, boneti inakwaruza fenda, paa linakataa kukaa kwenye matundu yake, na mvua ya kwanza inaingia miguuni kwa dereva. Karibu kila mara chanzo ni kimoja: kipande cha kwanza kilikazwa kabla cha mwisho hakijapata mahali pake.

Hapa tunaanzia pale ambapo chasisi imesafishwa na kutibiwa kutu, injini na gia boksi zimekaa, mabomba ya breki yamepita, na paneli zimenyooshwa. Kama bado hujapiga rangi ya mwisho, afadhali. Fanya zoezi lote mara moja na paneli zikiwa na praima tu, rekebisha kila kinachogoma, kisha fungua tena upige rangi. Ni kazi mara mbili, lakini kuchonga tundu kwa tupa kwenye fenda iliyokwisha rangi kunauma zaidi.

Chuma kiko wapi, alumini iko wapi

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita. Ngozi ya bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesiamu, na desturi hiyo ikabaki. Chukua sumaku uzungukie paneli zako. Fenda, boneti, ngozi za milango, boksi la viti (lile linalobeba viti vya kabini) na pande za bodi ya nyuma hazitashika. Sumaku itashika bulkhedi, yaani ule ukuta kati ya injini na kabini, pamoja na paneli inayobeba rejeta, fremu za ndani za milango, na vile vipande vya kijivu vya galvanaizi vinavyofunika kingo za bodi ya nyuma.

Hii si historia ya kupitishia muda. Alumini ikigusana na chuma mahali penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Unaona ungaunga mweupe chini ya rangi, rangi inavimba, na mwisho tundu la bolti linakuwa kubwa kuliko washa yake. Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi ya hewani huharakisha jambo hilo mno. Kwa hiyo kila mahali metali hizi mbili zinapokutana weka kitu katikati: rangi kamili pande zote mbili, kisha ukanda mwembamba wa raba au tabaka la silanti ya poliyurethani isiyokauka kabisa. Grisi ya shaba iache kwenye bolti za eksozi. Shaba na alumini ni maadui kuliko hata chuma na alumini.

Bolti nzuri kwa bodi hii ni za chuma zilizopakwa zinki. Zinki huanza kuliwa yenyewe kabla ya alumini, na hilo ndilo tunalolitaka. Steinlesi inapendeza macho, na kwa gari linaloishi Dodoma au Nakuru haina neno kubwa. Gari la pwani litachimbika kuzunguka kila bolti ya steinlesi isiyo na washa ya nailoni.

Bolti za kununua

Nyuzi za gari hili ni za inchi, aina ya UNF, ambazo madukani huitwa inchi fain. Bodi karibu yote imeshikwa na saizi mbili. Bolti ya robo inchi hufunguliwa kwa spana ya 7/16, na ya 5/16 hufunguliwa kwa spana ya nusu inchi. Spana ya milimita 13 itakaa juu ya kichwa cha nusu inchi ikiwa na uwazi kidogo, na ndiyo inayoviringa vichwa vya bolti nyingi unazozikuta mtaani.

Kosa la hatari zaidi ni bolti ya milimita 8. Unene wake ni karibu sawa na 5/16: milimita 8 dhidi ya 7.94. Inaingia mizunguko miwili, inakaza, fundi anadhani ni rangi iliyoziba na analazimisha. Matokeo ni nati iliyochomelewa ndani ya nguzo ya bulkhedi kung'oka nyuzi, au kuanza kuzunguka yenyewe mahali ambapo mkono haufiki. Bolti yoyote unayoshuku, ijaribu kwanza kwa vidole kwenye nati mpya ya UNF.

Kwa pikapu moja kamili, andaa takriban:

- bolti 100 za robo inchi zenye urefu wa inchi 3/4, na 30 za inchi 1;
- bolti 60 za 5/16 zenye urefu wa inchi 1, na 20 za inchi 1 na robo;
- nati zake zote, za kujifunga zenye pete ya nailoni;
- washa pana 250, kwa sababu washa ndogo huzama kwenye alumini;
- nati za klipu 30, zile zinazochomekwa kwenye ukingo wa bati;
- ribiti za alumini za milimita 4.8, boksi moja, na drili ya milimita 4.9.

Ribiti ziwe na msumari wa alumini pia. Zile zenye msumari wa chuma huacha kipande cha chuma ndani ya tundu, na baada ya msimu mmoja wa mvua kila ribiti inalia chozi la kutu juu ya rangi yako mpya.

Kabla ya kufunga chochote, pitisha tapu, yaani kifaa cha kukata nyuzi, ya robo na ya 5/16 UNF kwenye kila nati iliyochomelewa. Praima na rangi zimeingia humo. Saa moja ya tapu inaokoa siku nzima ya kulaani.

Gari lisimame sawa

Weka gari kwenye sakafu ngumu, likisimama kwa magurudumu yake, upepo wa matairi uwe sawa kushoto na kulia. Kama magurudumu hayapo, stendi zikae chini ya eksili na si katikati ya chasisi. Chasisi ya 109 ni ndefu: kutoka eksili hadi eksili ni inchi 109, karibu sentimita 277, na ukiibeba katikati hupinda kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa jicho. Mlango utakiona. Ukiufunga vizuri gari likiwa juu ya jeki, utakataa siku litakaposhuka chini. Kwa sababu hiyohiyo injini na gia boksi viwe mahali pake kabla ya bodi.

Sasa pima chasisi kwa uzi. Funga kutoka tundu la springi ya mbele kushoto hadi tundu la springi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Tofauti ya milimita 3 inavumilika. Ikifika milimita 10 chasisi imekwenda upande, na hakuna ujanja wa bodi utakaoificha. Kagua pia ile mikono miwili inayotoka pembeni mwa chasisi kubeba bulkhedi. Hapo ndipo kutu hupenda, na mikono ya kuchomelea iliyotengenezwa mtaani mara nyingi iko juu au chini kwa milimita 4 au 5. Lijue hilo sasa, kabla hujaanza kuulaumu mlango.

Waya za taa za nyuma hupita ndani ya chasisi. Zivute kabla bodi ya nyuma haijakaa.

Bulkhedi

Kila kitu kwenye gari hili kinaning'inia kwenye bulkhedi: milango, fenda, fremu ya kioo, bawaba za boneti, usukani, pedali. Ikikaa upande, vyote vinakaa upande.

Ishusheni watu wawili juu ya mikono ya chasisi. Chini ya kila nguzo kuna bolti kuu moja inayoshikilia mguu. Ipitishe na washa zake, weka nati, ikaze kwa vidole tu. Funga vishikizo vinavyotoka sehemu ya miguu kwenda kwenye chasisi, navyo kwa vidole. Ukiwa umefanya hivyo, bulkhedi itaweza kuegemea mbele au nyuma kama mlango wa sanduku, ikizunguka kwenye zile bolti mbili za chini. Mwegemeo huo ndio kifaa chako kikuu cha kurekebisha, kwa hiyo usiupoteze kwa kukaza mapema.

Weka pimamaji juu ya bulkhedi, kutoka kushoto hadi kulia, ukilinganisha na chasisi. Upande ulioshuka unyanyue hadi ulingane na wa pili. Kisha pima kutoka kila pembe ya juu ya bulkhedi hadi ncha ya mbele ya chasisi upande uleule. Vipimo viwili vilingane ndani ya milimita 2 au 3. Visipolingana bulkhedi imejisokota, yaani bega moja liko mbele ya jingine. Kama ni bulkhedi iliyochomelewa nguzo mpya, msokoto huo unaweza kuwa umo ndani yake. Utalazimika kugawana hasara kati ya milango miwili.

Kwenye bulkhedi fungia sasa vitu ambavyo baadaye vitafunikwa na fenda: boksi la usukani na kishikizo chake, boksi za pedali za breki na klachi, mota ya waipa, na waya kuu. Kufanya hivyo baada ya fenda kuwekwa inawezekana, ila ngozi ya mikono yako itabaki humo.

Bodi ya nyuma

Bodi ya nyuma ya 109 si nzito kwa ukubwa wake, lakini inajipinda. Watu wanne, mmoja kila pembe, waishushe juu ya chasisi. Kati ya mihimili yake na chasisi weka ukanda wa raba ya milimita 2 au 3. Pitisha bolti za boriti ya nyuma ya chasisi na zile za mikono ya katikati, zote zikiwa legevu. Kama matundu yana uwazi wa kuisogeza mbele na nyuma milimita 4 au 5, vizuri. Kama hayana, yapanue kidogo upande wa chasisi. Usiguse alumini.

Kwa nini uwazi huo? Kwa sababu nguzo inayopokea kitasa cha mlango ni sehemu ya bodi ya nyuma. Bawaba ziko kwenye bulkhedi, kitasa kinaingia kwenye bodi ya nyuma, na mlango unakaa katikati ya vitu viwili vinavyotembea kila kimoja kivyake. Ndiyo maana haina maana kuikaza bodi ya nyuma "ili ikae vizuri kwanza".

Unganisha bulkhedi na bodi ya nyuma kwa sili, zile paneli ndefu zilizo chini ya milango, bado kwa vidole.

Milango ndiyo inayoamua

Hapa tumia muda wako mwingi. Nusu siku kwa kila mlango si aibu.

Kwanza, bawaba. Funga mlango wa chini peke yake, bila sehemu ya kioo. Ushike pembe ya nyuma uunyanyue. Ukicheza juu na chini, pini za bawaba zimekwisha. Badilisha bawaba kabla ya kurekebisha kitu kingine chochote. Kila kipimo utakachochukua na bawaba iliyolegea ni uongo.

Funga mlango taratibu hadi karibu na nguzo ya nyuma, usiruhusu kitasa kishike, kisha tazama nafasi zote tatu: mbele, chini na nyuma. Gari hizi ziliunganishwa kwa mikono, na hata zikiwa mpya nafasi zilitofautiana. Lenga milimita 5 hadi 8, na usawa wa mstari ni muhimu kuliko namba yenyewe. Kata vijiti vya mbao vya milimita 6 uvichomeke kwenye nafasi, vikuonyeshe panapobana.

Unachokiona kina maana yake:

Ukingo wa nyuma wa mlango umeshuka na nafasi ya nyuma imebana juu. Bulkhedi imeegemea nyuma. Isukume mbele kwa juu. Mlango ni kama mkono wa bulkhedi: kichwa cha bulkhedi kikienda mbele, ncha ya mlango inapanda. Milimita 3 juu ya bulkhedi huleta takriban milimita 3 kwenye ncha ya mlango, kwa hiyo sogeza kidogo kidogo. Mkanda wa kubana mzigo, uliofungwa kutoka kichwa cha bulkhedi hadi mbele ya chasisi, hufanya kazi hii kwa upole kuliko jeki.

Ukingo wa nyuma umepanda na nafasi ya nyuma imefunguka juu. Kinyume chake. Vuta bulkhedi nyuma.

Nafasi ya nyuma iko sawa juu hadi chini lakini ni nyembamba au pana mno. Usiguse bulkhedi. Sogeza bodi ya nyuma.

Nafasi ya chini, juu ya sili, ni ndogo mno kwa urefu wote. Ama mguu wa bulkhedi uko chini, ama sili iko juu. Legeza sili kwanza, kwa kuwa ni rahisi. Ikishindikana nyanyua mguu wa bulkhedi, na kumbuka kwamba sasa umebadili usawa wa kushoto na kulia.

Mlango umetokeza nje kuliko bodi, au umezama ndani. Kwa upande wa mbele, ongeza au punguza vibati vyembamba nyuma ya bawaba. Kwa upande wa nyuma, rekebisha kipokezi cha kitasa, ambacho matundu yake yana uwazi kwa ajili hiyo. Usijaribu kuurudisha mlango kwa goti. Ngozi ni alumini iliyokunjwa juu ya fremu ya chuma, na ukiipiga mkunjo hufunguka, maji yanaingia, na baada ya mwaka unga mweupe unatoka chini ya mlango.

Mlango mmoja ukikaa, fanya wa pili, kisha rudi uangalie wa kwanza. Utakuwa umesogea. Rudia. Kwa kawaida mizunguko mitatu inatosha. Ikifika sita bila kutulia, rudi kwenye uzi na chasisi.

Sasa, na milango yote miwili imefungwa kwa kitasa, ndipo unaanza kukaza: bolti kuu mbili za miguu ya bulkhedi kwanza, kisha vishikizo vyake vya sehemu ya miguu, kisha bolti za bodi ya nyuma kuanzia karibu na milango kurudi nyuma, mwisho sili. Baada ya kila kundi, fungua na funga mlango. Ukisikia tofauti, umejua ni bolti gani. Kwa bolti za robo inchi zinazobana alumini, nguvu ya Nm (niutoni mita) 8 hadi 10 inatosha. Usizikaze mpaka washa ipinde.

Boksi la viti na sakafu

Hapa pita haraka, ila kwa akili. Kwenye Land Rover za Series gia boksi hutolewa kwa juu, kupitia kabini. Siku ya kubadili klachi, boksi la viti, sakafu mbili na kifuniko cha gia boksi vyote vitatoka. Kwa hiyo usipige ribiti hata moja, usigundishe kwa silanti inayoshika kama simenti, na kila bolti iingie na grisi ya kawaida. Nati za klipu ndizo zinazofaa hapa, maana mkono haufiki chini.

Kabla boksi la viti halijafunga njia, hakikisha tangi la mafuta lililo chini ya kiti cha kulia halivuji na waya ya kipimo chake imeunganishwa. Kwenye maungio ya sakafu weka ukanda wa sponji wa seli zilizofungwa, milimita 5 au 6. Ule wa godoro hunyonya maji na kuyatunza kama kisima. Kifuniko cha gia boksi ndicho kinacholeta joto na vumbi jekundu la barabara, kwa hiyo usikiache na bolti mbili tu kwa sababu "ndani haionekani".

Fremu ya kioo, ukuta wa nyuma na paa

1. Laza raba mpya juu ya bulkhedi, simamisha fremu ya kioo juu yake, pitisha bolti zake za pembeni, legevu.
2. Funga ukuta wa nyuma wa kabini kwenye ukingo wa mbele wa bodi ya nyuma, nao legevu. Laini ya silanti iwe chini yake.
3. Funga sehemu za juu za milango, zile zenye vioo.
4. Weka paa juu ya vyote viwili. Anza na bolti za mbele, juu ya kioo, kisha za nyuma.
5. Funga milango, angalia sehemu za vioo zinavyolala kwenye raba, ndipo ukaze fremu, ukuta na paa kwa mpangilio huo.

Matundu ya paa yasipofikia kwa milimita chache, usiyapanue upesi. Mara nyingi fremu ya kioo imeegemea mbele na ikivutwa nyuma kwa mkono tundu linaonekana. Ukiona hata hivyo haifiki, bulkhedi yako bado imeegemea mbele kupita kiasi na milango ilikudanganya, pengine kwa sababu kipokezi cha kitasa kilikuwa kinaibeba. Rudi nyuma. Inakera, lakini paa lililolazimishwa litapasua kioo kwenye barabara mbovu.

Sehemu ya juu ya mlango ikiacha mwanya na raba, fremu yake inaweza kukunjwa kidogo: weka kipande cha mbao kwenye nguzo usawa wa kitasa, funga mlango hadi uguse mbao, sukuma sehemu ya juu ndani kwa viganja. Kidogo, angalia, kidogo tena.

Mbele: paneli ya rejeta, fenda, boneti

Paneli ya rejeta inakaa juu ya chasisi kwa bolti mbili zenye raba. Iweke wima, rejeta ikiwa ndani yake, legevu. Leta fenda. Kila fenda inashikwa sehemu tatu: safu ya bolti kwenye paneli ya rejeta, nguzo ya bulkhedi na sehemu ya miguu, na kishikizo cha chini karibu na sili. Kati ya fenda na bulkhedi laza silanti au ukanda wa raba. Hapo ndipo matope ya gurudumu hurundikana, na ndipo maji huingilia miguuni.

Usikaze. Weka boneti kwanza.

Boneti inaning'inia kwenye bawaba mbili juu ya bulkhedi. Ilaze, kisha usogeze fenda na paneli ya rejeta kuifuata, si kinyume chake. Nafasi kati ya boneti na fenda ilingane pande zote mbili, na ukingo wa mbele ulale juu ya raba za paneli ya rejeta bila kubembea. Ikibembea pembe kwa pembe, ongeza kibati chini ya mguu mmoja wa paneli ya rejeta. Kama boneti yako hubeba tairi la akiba, fanya vipimo hivi na tairi likiwa juu yake. Uzito wake hushusha katikati milimita kadhaa.

Kaza kwa mpangilio huu: miguu ya paneli ya rejeta, fenda kwenye bulkhedi, fenda kwenye paneli, kishikizo cha chini. Mwisho rekebisha pini ya kufuli ya boneti. Ikiwa fupi mno boneti haishiki. Ikiwa ndefu mno inashika huku inagongagonga, na boneti ya alumini inayogonga hupasuka kwenye bawaba.

Taa hafifu baada ya rangi

Series III ina ethi hasi, yaani upande wa hasi wa betri umeungwa kwenye chasisi, na waya nyingi za ethi, zile nyeusi, huishia kwenye bolti za bodi. Sasa umepaka rangi kila uso, umeweka raba kila ungio na washa za nailoni. Bodi imekingwa kutu na imekingwa umeme vilevile. Indiketa haiwaki sawasawa, taa kubwa zina rangi ya chai, kipimo cha mafuta kinacheza. Usikwangue rangi. Vuta waya mweusi wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye chasisi hadi kila fenda, mwingine hadi bodi ya nyuma, mwingine hadi bulkhedi. Mahali waya unapokutana na chasisi, safisha hadi chuma king'ae, funga, kisha funika kwa grisi.

Maji na kilomita 500 za kwanza

Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie kwa mpira wa bustani, kuanzia chini kwenda juu: magurudumu na sehemu ya miguu, kisha milango, kisha kioo, paa mwisho. Ukianzia paa, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Mvujo wa miguuni mara nyingi hutoka kwenye ungio la fenda na bulkhedi, au kwenye vile vifuniko viwili vya kuingiza hewa chini ya kioo, ambavyo raba zake hukauka.

Baada ya kilomita 500, hasa zikiwa za vumbi na makorongo, pitia bolti zote upya. Raba na silanti zimelala, kwa hiyo nyingi zitakubali robo mzunguko. Anza na miguu ya bulkhedi, halafu bawaba za milango, halafu paneli ya rejeta. Bolti ikikubali mzunguko mzima, itoe uangalie nyuzi zake. Hiyo ndiyo ile ya milimita 8.